Unajuaje Kwamba Unajua? Asali ya Tabora, Kipimo cha Malaria na Mto Rusizi

Chupa ya asali ya Tabora ikifika sokoni Kigoma, swali la mnunuzi huwa lilelile: hii ni safi? Muuzaji hajibu kwa maneno. Anatoa njiti ya kiberiti, anachovya kichwa chake kwenye asali, anaikung'uta, anaikwaruza ubavuni mwa kiberiti. Njiti inawaka. Mnunuzi analipa na kuondoka. Ukimsimamisha hatua chache mbele ukamuuliza kama anajua kuwa asali yake ni safi, atashangaa kuulizwa: si ameona kwa macho yake?

Alichoona ni njiti ikiwaka. Kati ya njiti kuwaka na asali kuwa safi kuna pengo, na sehemu kubwa ya falsafa ya maarifa ni kazi ya kulichunguza pengo hilo. Wengi huidhani falsafa hiyo ni mambo ya madarasani. Kumbe inafanyika kila siku sokoni, kwenye zahanati na kwenye mialo ya ziwa, na pale inapofanyika vibaya kuna mtu anapoteza fedha, au mtoto anapewa dawa isiyo yake.

Tuanze na njiti. Kichwa cha njiti hukataa kuwaka kikilowa maji, na hicho ndicho pekee kinachopimwa pale. Asali iliyoiva ina maji machache, kwa kawaida chini ya 20%, tena ni nzito, hivyo hailoweshi kichwa cha njiti kwa sekunde zile chache. Lakini sukari iliyochemshwa mpaka ikawa nzito nayo ina maji machache. Njiti itawaka vilevile. Upande wa pili kuna asali ya nyuki wadogo wasiouma, ile nyepesi yenye uchachu ambayo wenye kuijua hawachoki kuitafuta. Mara nyingi ina maji zaidi ya 25%. Ni asali halisi kabisa, na inaweza kuzuia njiti isiwake. Kwa hiyo jaribio linaipitisha feki nzito na kuiangusha halali nyepesi.

Majaribio mengine ya mtaani yana ugonjwa huohuo. Tone la asali likizama kwenye glasi ya maji bila kutawanyika, umepima uzito wake, na sharubati nzito huzama pia. Tone lisipolowesha karatasi, umepima maji tena. Kusema sisimizi hawaendi kwenye asali safi ni kuwasingizia sisimizi. Na lile la kuikataa asali iliyoganda kwa kuwa "imewekwa sukari" ni baya kuliko yote, kwa sababu asali nyingi halisi huganda zenyewe, hasa zile zenye glukosi nyingi ikilinganishwa na fruktosi, aina mbili za sukari zilizomo ndani ya asali, wakati sharubati iliyopikwa kwa ndimu yaweza kukaa miezi bila kuganda. Hapo anayeumia ni mfugaji wa kweli. Amepanda mti kufikia mzinga wa gome, amerina usiku, ameumwa na nyuki, kisha asali yake inaachwa mezani kwa kosa la kufanya kile ambacho asali hufanya.

Kasoro ya majaribio haya yote hugunduliwa kwa swali moja, na swali hilo ndilo uti wa mgongo wa makala hii: endapo asali hii ingekuwa feki, je, jaribio hili lingetoa jibu tofauti? Kama jibu ni hapana, jaribio halijakwambia kitu, hata likifanywa mbele yako mara kumi.

Tangu zama za Wagiriki wa kale, maelezo ya kujua yaliyozoeleka yana vipande vitatu. Uamini jambo, jambo lenyewe liwe kweli, na uwe na sababu nzuri ya kuliamini. Ondoa kimoja, jengo linaanguka. Aliyebahatisha matokeo ya mpira na yakatokea hakuwa anajua, kwa sababu hakuwa na sababu. Aliyeshikilia uongo kwa moyo wote hajui, hata akiapa.

Mwaka 1963 mwanafalsafa wa Marekani, Edmund Gettier, alichapisha makala ya kurasa tatu tu iliyoonyesha kwamba vipande vitatu havitoshi. Mfano ulio rahisi kuliko aliotoa yeye ni wa saa iliyosimama, ambao mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell aliutumia kabla yake. Tuseme saa ya ukutani katika stesheni imesimama tangu jana, mishale ikionyesha saa nane na dakika kumi. Abiria anaingia leo mchana, anaitazama, anasema ni saa nane na kumi. Na kweli ni saa nane na kumi, kwa kuwa ameingia dakika hiyohiyo. Anaamini, ni kweli, na ana sababu, maana kutazama saa ya stesheni ni njia ya kawaida kabisa ya kujua wakati. Lakini hakuna atakayesema alijua saa. Angeingia robo saa baadaye, saa ingemwambia uongo uleule kwa utulivu uleule.

Ndiyo maana swali la "endapo" lina nguvu. Robert Nozick, mwanafalsafa mwingine wa Marekani, alilifanya mwaka 1981 kuwa sharti: unajua jambo pale tu ambapo, kama lisingekuwa kweli, usingeliamini. Wanafalsafa wenzake wamelitoboa sharti hilo hapa na pale, hasa kwa maswali kama unajuaje kwamba huoti ndoto sasa hivi, na mabishano hayajaisha. Kwa mtu anayenunua asali, anayesoma kipimo cha hospitali au anayepokea habari kwa simu, bado ni chombo bora kuliko vyote vilivyopendekezwa. Halihitaji mashine. Linahitaji utulivu wa kuuliza kabla ya kutikiswa na njiti inayowaka.

Sasa tupande ngazi. Wakusanyaji wa asali wanaofanya kazi vizuri wana refraktomita, kifaa cha mkononi kinachofanana na tochi ndogo yenye kioo mbele. Kwanza kioo hufutwa kikauke kabisa, kwa sababu tone moja la maji lililosalia litaharibu usomaji wote. Unaweka matone mawili ya asali, unafunika kwa kifuniko chake bila kuacha mapovu, unasubiri nusu dakika ili joto la asali lilingane na la kifaa, kisha unaelekeza kwenye mwanga na kusoma pale rangi ya bluu inapokutana na nyeupe. Vifaa hivi husawazishwa kwa nyuzi joto 20. Kama hakijirekebishi chenyewe, kwenye joto la 30 kitaonyesha maji mengi kuliko yaliyomo, takriban moja ya kumi ya asilimia kwa kila nyuzi. Asali inayosoma 20.5% katika joto hilo kwa kweli iko karibu na 19.6%. Ukisahau marekebisho hayo, unamrudisha mfugaji na dumu lake bila haki, maana kiwango cha kimataifa cha asali ya nyuki wanaouma hakiruhusu maji kuzidi 20%. Juu ya hapo chachu huanza kazi: povu, harufu ya pombe, kifuniko kuvimba. Ndiyo sababu ya ushauri wa kurina masega ambayo angalau robo tatu ya vyumba vyake imezibwa kwa nta. Nyuki wenyewe huziba asali ikishaiva.

Hapa watu wengi wenye elimu hujikwaa. Refraktomita ni chombo cha kweli, kina namba, kina kioo, kwa hiyo hudhaniwa kinapima usafi. Hakipimi. Kinapima jinsi mwanga unavyopinda, na kutokana na hapo kiasi cha maji. Sharubati nzito ya sukari itasoma vizuri tu. Kifaa ni bora mara nyingi kuliko njiti, lakini kinajibu swali lilelile la njiti.

Kama unataka kujua iwapo sukari ya miwa imeingia, lazima utafute kitu ambacho kinatofautiana kati ya miwa na maua ya msituni. Kipo. Miwa na mahindi hujenga sukari yao kwa njia tofauti na miti ya miombo, na tofauti hiyo hubaki katika uwiano wa kaboni nzito na kaboni nyepesi ndani ya sukari yenyewe. Maabara hupima uwiano huo kwenye asali nzima, kisha kwenye protini kidogo iliyomo ndani ya asali hiyohiyo, na kulinganisha. Sukari ya miwa ikiwa imeongezwa, namba mbili hizo zinaachana. Hapo swali la "endapo" linajibiwa ipasavyo, kwa udanganyifu wa miwa na mahindi. Kwa sharubati ya mchele au ya kiazisukari kipimo hichohicho kinaweza kupofuka, kwa kuwa mimea hiyo hutengeneza sukari kama miti. Hakuna kipimo cha "usafi". Kuna kipimo cha hiki na kipimo cha kile, na anayejua ni yule anayejua kipimo chake kimefunga mlango upi na kuacha upi wazi.

Tuhamie zahanati. Kigoma na Tabora ni mikoa yenye malaria nyingi, na kipimo cha haraka cha malaria kimekuwa kitu cha kawaida hata vijijini: kidude cheupe cha plastiki, kidirisha, herufi C na T. Hatua zake zinajulikana. Angalia tarehe ya kuisha muda. Fungua pakiti pale unapotaka kutumia, si mapema, kwa kuwa unyevu hukiharibu. Choma kidole, weka damu kiasi cha mikrolita 5 katika tundu lake, weka matone ya kimiminika kama maelekezo ya pakiti yanavyosema, kisha subiri dakika 15 au 20 kulingana na aina. Ukisoma mapema, mstari hafifu unaweza kuwa haujajitokeza. Ukisoma baada ya nusu saa, mstari uliojitokeza kwa kuchelewa si wa kuaminiwa.

Mstari wa C unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ni falsafa iliyochorwa kwenye plastiki. Kazi yake si kupima mgonjwa, ni kukipima kipimo. Usipotokea, matokeo ni batili hata kama mstari wa T umejaa wino. Kwa maneno mengine, waliotengeneza kidude hiki waliweka ndani yake njia ya kukustua mambo yakienda vibaya. Saa ya stesheni haikuwa na mstari wa C. Lakini nao una mpaka: unathibitisha kwamba kimiminika kimepita na kemikali zake ni hai. Hauthibitishi kwamba damu iliwekwa. Mhudumu aliyechoka, mwenye foleni ndefu, akisahau damu na kuweka matone peke yake, mstari wa C utatokea safi na jibu litakuwa "hana malaria".

Kuna mtego mwingine unaowapata wazazi wengi. Vipimo vinavyotumika sana hutafuta protini inayotengenezwa na vimelea vya malaria, si vimelea wenyewe. Mtoto akitibiwa na kupona, protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa. Akirudishwa baada ya siku kumi kwa homa nyingine, kipimo kitasema "ana malaria", na mama ataamini dawa ya kwanza haikufanya kazi. Kipimo hakikudanganya. Kilisema protini ipo, na ipo kweli. Anayetaka kujua kama vimelea wapo sasa anahitaji damu itazamwe kwa hadubini. Kinyume chake pia hutokea: katika nchi kama Eritrea wamepatikana vimelea ambao hawaitengenezi kabisa protini hiyo, na kipimo huwapita bila kuwaona.

Halafu kuna hesabu ambayo hata wataalamu huikosea. Chukua namba za mfano, zilizochaguliwa kwa urahisi wake. Kipimo kinawanasa wagonjwa 95 katika kila 100, na kinawasingizia wazima 5 katika kila 100. Msimu wa mvua, kati ya watoto 1,000 wenye homa, 400 wana malaria. Kipimo kitawanasa 380 na kuwasingizia 30 katika wale 600. Waliopewa jibu la "ndiyo" ni 410, na 380 kati yao ni wagonjwa kweli: karibu 93 katika kila 100. Sasa peleka kipimo hichohicho mahali ambapo wagonjwa ni 20 tu kati ya 1,000. Kitawanasa 19, na kati ya wazima 980 kitawasingizia 49. Waliopewa "ndiyo" ni 68, na wagonjwa wa kweli ni 19, yaani 28 katika kila 100. Plastiki ni ileile, mhudumu ni yuleyule, mstari ni uleule. Kilichobadilika ni mahali, na pamoja na mahali ikabadilika maana ya mstari. Ndiyo sababu daktari mzuri huuliza umetoka wapi na umelala wapi wiki mbili zilizopita kabla hajatazama kidude.

Mpaka hapa tumezungumzia kujua kwa kupima. Lakini mengi tunayoyajua hatukuyapima, tumeambiwa. Kiswahili kinalijua hili vizuri. Neno "kujua" lenyewe ni pana: najua kupiga kasia, naijua Ujiji, najua kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza. Ila lugha imetupa maneno madogo ya kuonyesha habari imepita wapi: eti, nasikia, yasemekana, nijuavyo mimi. "Ziwa limefungwa" na "eti ziwa limefungwa" ni kauli mbili tofauti. Ya pili inamwonya msikilizaji kwamba msemaji haibebi dhamana. Habari nyingi zinazoharibika mitandaoni huanza kuharibika pale mtu anapoirusha mbele na kuiacha "eti" nyuma.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume walilitengenezea jambo hili kanuni karne nyingi zilizopita, na madrasa za Ujiji bado zinazifundisha. Habari haipokewi bila sanadi yake, mnyororo wa walioipokea na kuipitisha. Mnyororo usiwe na kiungo kilichokatika. Kila mpokezi awe mwadilifu. Awe makini katika kuhifadhi, maana mtu mkweli mwenye kusahau ni hatari vilevile. Habari isigongane na iliyopokewa kwa nguvu zaidi. Na isiwe na dosari iliyojificha. Sharti la pili na la tatu ni mambo mawili tofauti, na kuyatenganisha ni hekima kubwa. Sisi husema "fulani hawezi kudanganya" tukadhani tumemaliza. Hatujauliza kama anaweza kukosea.

Mfano mzuri ulitokea papa hapa, Ziwa Tanganyika. Februari 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Ujiji wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Swali lao lilikuwa moja: Mto Rusizi, ulioko ncha ya kaskazini ya Tanganyika, unaingia ziwani au unatoka? Ukitoka, huenda ndio Nile. Speke alivuka kwenda kisiwa cha Kasenge kuonana na mfanyabiashara Mwarabu, Hamid bin Sulayim, akarudi na habari kwamba mto unatoka. Tazama sanadi: Hamid alizungumza, Sidi Mubarak Bombay, mkalimani wa msafara, akatafsiri kwa Kihindustani, Speke akasikia, Burton akaandika. Baadaye Bombay mwenyewe alisema Speke hakumwelewa Hamid. Hakuna mwongo katika mnyororo huo. Udhaifu ulikuwa kwenye umakini, katika kiungo cha lugha, na juu yake kulikuwa na hamu: jibu la "unatoka" ndilo walilolitaka.

Aprili mwaka huohuo walifika kwa mitumbwi Uvira, karibu na ncha ya kaskazini ya ziwa. Wanaume watatu, watoto wa Sultani Maruta, wenyeji wa mwambao ule, waliwaambia Rusizi unaingia ziwani, na wengine pale wakasema hivyohivyo. Wapiga kasia walikataa kusonga mbele, hivyo wageni hawakuufikia mdomo wa mto. Ushahidi wa Uvira ulikuwa mzito kuliko wa Kasenge: watu wanaoishi jirani na mto, waliouona mara nyingi. Hata hivyo, miaka sita baadaye Burton alirudi kutetea kwamba unatoka. Jambo ambalo hujalifunga kwa macho huacha mlango, na mtu mwenye hamu ataupitia.

Ndani ya safari hiyo kuna saa iliyosimama ya kweli, isiyotungwa na mwanafalsafa. Walipima mwinuko wa ziwa kwa joto la maji yanayochemka, kwa kuwa kadiri unavyopanda juu maji huchemka kwa joto dogo zaidi, wakapata takriban futi 1,850. Kipimajoto kilikuwa kibovu. Uso wa ziwa uko karibu mita 773, zaidi ya futi 2,500. Mtu aliyesoma namba yao angeweza kusema: ziwa liko chini mno, haliwezi kulisha Nile. Na kweli Tanganyika halilishi Nile. Angekuwa na imani, ukweli na sababu ya kitaalamu, na asingekuwa anajua, kwa sababu sababu yake ilikuwa kipimajoto kilichoharibika.

Novemba 1871 Henry Morton Stanley na David Livingstone, baada ya kukutana Ujiji, walipanda mtumbwi mpaka mdomo wa Rusizi wenyewe. Maji yalikuwa yakiingia. Watoto wa Maruta walikuwa wamesema hivyo miaka 13 kabla, na huzuni ya kisa hiki ni kwamba neno lao halikuhesabiwa kuwa maarifa mpaka liliporudiwa na mgeni. Sifa ya shahidi ilipimwa kwa asili yake badala ya kupimwa kwa alivyokuwa karibu na jambo.

Likabaki swali la pili: basi maji yanatoka ziwani kupitia wapi? Wataalamu walihoji kwamba ziwa lisilo na tundu la kutokea huwa la chumvi, na Tanganyika ni tamu, kwa hiyo lazima lipo. Hiyo ni njia nyingine ya kujua, ya kuona kitu kwa akili kabla ya jicho. Mwaka 1874 msafiri Mwingereza, Verney Lovett Cameron, aliukuta Mto Lukuga upande wa magharibi, umezibwa na majani, akasema ndio tundu. Stanley alipoufikia mwaka 1876 hakuona maji yanayotoka. Akasema yatatoka siku ziwa likipanda zaidi. Edward Hore, mmisionari, alifika mwaka 1879 akakuta mto unatoka kwa kasi. Nani mwongo? Hakuna. Mdomo wa Lukuga ulikuwa umezibwa kwa tope na matete. Ziwa lilikuwa likipanda kwa mvua. Mwishoni mwa miaka ya 1870 likafurika na kuvunja kizuizi. Miaka iliyofuata uso wa ziwa ulishuka karibu mita 10. Ndiyo maana mahali ilipojengwa kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji, palipokuwa karibu na ufuko wakati ule, leo pako mbali na maji. Kauli "Lukuga unatoka ziwani" haikuwa kamili mpaka itajwe na mwaka wake.

Swali la leo ziwani ni la aina hiyohiyo, nalo linagusa sufuria za watu. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Tuseme baada ya kufunguliwa wavuvi wa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, wanapata dagaa wengi. Je, tunajua kwamba kufunga ndiko kulikoleta? Uliza swali letu: endapo ziwa lisingefungwa, dagaa wangekuwa wachache? Miezi hiyohiyo ndiyo ya upepo mkali wa kusini-mashariki, unaosukuma maji ya juu kuelekea kaskazini na kuyainua ya chini yenye rutuba upande wa kusini. Chakula cha dagaa hutegemea sana mzunguko huo. Mwaka 2003 watafiti walichapisha ushahidi kwamba ziwa limepata joto na maji yake hayachanganyiki kama zamani, jambo linalopunguza samaki hata pasipo nyavu. Upepo, joto na nyavu vyote viko mezani kwa wakati mmoja, na rundo la dagaa mwaloni halisemi ni kipi.

Linaloweza kusema ni daftari, likiandikwa vizuri. Kilo peke yake hazitoshi, kwa kuwa baada ya miezi mitatu ya kusubiri kila mtu huingia majini usiku wa kwanza, na kilo nyingi zaweza kuwa ni mitumbwi mingi tu. Inatakiwa kilo kwa kila mtumbwi kwa kila usiku, idadi ya taa na aina yake, ukubwa wa tundu la wavu, usiku wa ngapi wa giza, na upepo ulivyokuwa. Urefu wa dagaa nao upimwe, angalau mia moja waliochukuliwa bila kuchaguliwa kutoka karai moja, maana kufunga kukiwa kumefanya kazi yake, dagaa wanapaswa kuwa wakubwa zaidi pia, si wengi tu. Daftari lianze miezi kadhaa kabla ya kufunga, liendelee mwaka ambao ziwa halikufungwa, na liandikwe na mtu ambaye mshahara wake hautegemei jibu.